Baba amepata kiharusi: tuuze kiwanja tumnunulie miguu ya roboti?

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kutoka Ujiji, hapa Kigoma. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mzee ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alivua dagaa katika Ziwa Tanganyika, akitoka Kibirizi jioni na kurudi alfajiri, na ambaye sasa ana umri wa miaka 66. Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, alianguka akiwa anashona nyavu, mdomo ukapinda na upande wote wa kushoto ukalegea. Hospitali walituambia ni kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu. Alipopata nafuu kidogo tulimpeleka Dar es Salaam kwa mdogo wangu, akakaa huko miezi mitatu akifanyishwa mazoezi, kisha akasema amechoka kukaa ghorofani na anataka kurudi kwake. Tukarudi naye kwa treni.

Hivi sasa anaongea vizuri na akili yake ni timamu kabisa. Anatembea ndani na uani akishika fimbo kwa mkono wa kulia, lakini mguu wa kushoto anauburuta. Kandambili ya kushoto huisha upande wa mbele, pale kwenye ncha ya kidole gumba, na tumekwisha kumbadilishia jozi tatu huku za kulia zikiwa bado mpya. Asubuhi mama akishafagia uwanja, ukitazama mchangani utaona alama za fimbo, alama za unyayo wa kulia, na mstari mrefu uliojipinda kwa nje, kama nyoka amepita. Mkono wa kushoto umejikunja na hauwezi kushika hata kikombe.

Kinachoniumiza zaidi ni msikiti. Kutoka nyumbani hadi msikitini hapafiki nusu kilomita, lakini tangu arudi hajawahi kufika. Nilipomletea kijana wa bodaboda siku ya Ijumaa alikataa, akasema hataki kubebwa kama gunia la dagaa.

Miezi miwili iliyopita mdogo wangu alitutumia video ya mtu aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, akavishwa miguu ya chuma yenye mota, akasimama na kutembea. Mama aliitazama mara tatu na akalia. Sasa mdogo wangu amempata wakala mtandaoni anayesema anaweza kutuagizia miguu hiyo kwa shilingi milioni 18, nusu ilipwe kwanza kwa njia ya simu. Anataka tuuze kiwanja cha Mwandiga, ambacho baba alikinunua kwa fedha za dagaa. Niliposema tusubiri, aliniambia mbele ya baba mdogo na shangazi kwamba ninapenda ardhi kuliko mzazi. Dada yetu naye anasema mzee aachwe apumzike, maana anayeponya ni Mungu. Baba akisikia mazungumzo hayo hutazama pembeni na hasemi neno.

Nisisahau kueleza kwamba kule Dar es Salaam alitengenezewa bamba la plastiki la kuvaa mguuni, lakini lilimchubua kisigino wiki ya kwanza tu, tena haliingii kwenye kandambili, kwa hiyo limetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba chake.

Naomba unijibu: mashine hizi ni za kweli? Zitamfaa baba? Je, tuuze kiwanja?

Mtoto wa Kwanza, Ujiji

*

Ndugu yangu wa Ujiji,

Pole sana kwa kuuguza, na naomba unifikishie pole zangu kwa mzee na kwa mama. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye haraka: msiuze kiwanja, na msimtumie wakala huyo hata shilingi moja. Hayo mengine tunaweza kuyazungumza kwa utulivu.

Mashine alizoziona mama ni za kweli, na machozi yake hayakumwagika kwa uongo. Kwa maelezo yako, video hiyo ilionyesha mashine ya jamii ya ReWalk, iliyobuniwa na mhandisi wa Israeli aitwaye Amit Goffer, ambaye mwenyewe alipooza kwa ajali mwaka 1997. Ni kiunzi kinachovaliwa juu ya nguo, kikafungwa kwa mikanda kifuani, mapajani na chini ya magoti, na kina mota kwenye nyonga na magoti. Mvaaji akiegemeza kiwiliwili mbele kidogo, vihisi huutambua mwinamo huo na kompyuta ndogo huziamrisha mota kupiga hatua moja. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu itumike hata majumbani. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanamke Mwingereza aliyepooza kuanzia kifuani, Claire Lomas, alimaliza mbio za marathoni za London akiwa ameivaa, na zile kilomita 42 zilimchukua zaidi ya wiki mbili. Ninaitaja safari yake kwa heshima kubwa, lakini pia ili muelewe mwendo halisi wa mashine hiyo, kwa sababu video huonyesha zile hatua chache tu ambazo mpiga picha amezichagua.

Sasa tuitazame mashine hiyo tukiwa na mzee mbele yetu. Ilibuniwa kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo, ambao miguu yao yote miwili haina nguvu lakini mikono na mabega yao ni mazima, kwa kuwa mvaaji hutembea akiwa na magongo mawili, moja kila mkono, na magongo hayo ndiyo yanayomzuia asianguke. Goffer mwenyewe hakuweza kuitumia mashine aliyoibuni, kwa sababu ajali ilikuwa imemwondolea pia nguvu za mikono. Umeniambia kwamba mkono wa kushoto wa baba yako hauwezi kushika kikombe. Mkono usioweza kushika kikombe hauwezi kushika gongo la kuubeba mwili mzima, na kwa hiyo hata kama mashine hiyo ingeletwa uani kwenu bure, kesho asubuhi, mzee asingeweza kuitembelea kwa usalama.

Liangalieni pia suala la bei. Mwaka 2024 bima ya serikali ya Marekani kwa ajili ya wazee ilipanga kuilipia mashine hiyo zaidi ya dola 90,000, ambazo kwa fedha yetu zinapita shilingi milioni 200. Anayesema atakuletea kitu hicho hicho kwa milioni 18, ama atakuletea kitu kingine, ama hataleta kitu. Siku hizi kuna mashine nyepesi za kufunga kiunoni zinazouzwa kwa watu wenye afya wanaopanda milima, na bei zake ni ndogo sana kuliko hizo za hospitali. Zinasukuma paja, lakini hazinyanyui ncha ya mguu, na mtu wa kiharusi akisukumwa paja huku vidole vyake vikiburuta chini, ataanguka kifudifudi. Ningependa umuulize mdogo wako jambo moja tu kwa upole: je, wakala huyo aliwahi kuuliza mzee ni mgonjwa wa nini? Aliuliza urefu wake, uzito wake, ni upande upi ulioathirika, au kama ngozi yake ina vidonda? Vifaa vya namna hii hupimwa mwilini kama fundi cherehani anavyopima koti, na huanza kutumika chini ya macho ya mtaalamu. Muuzaji asiyeuliza hata mguu upi ni mgonjwa anaitafuta fedha yenu. Na mtu yeyote anayekuja na kifaa tiba kutoka nje, mwambieni awaonyeshe usajili wa kifaa hicho katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kabla ya mazungumzo ya malipo.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwenye kandambili. Huenda uliandika hayo kwa uchungu tu, lakini umenieleza ugonjwa wa mguu kwa ufasaha ambao wataalamu wengi wangeushukuru. Kandambili inayolika kwenye ncha ya kidole gumba inaonyesha kwamba misuli ya mbele ya mguu, ile inayoinua wayo wakati mtu anapopeleka mguu mbele, haipati amri ya kutosha kutoka kwenye ubongo, na kwa hiyo ncha ya mguu inaning'inia. Ule mstari uliojipinda kwa nje unaonyesha jinsi mwili unavyojitafutia njia: kwa kuwa mguu umekuwa mrefu kwa sababu wayo umelala, mzee anauzungusha kutoka kwenye nyonga, kama mtu anayefyeka majani kwa mundu, ili usijikwae. Mwendo huo unakula nguvu nyingi, na ndiyo sababu nusu kilomita inamshinda mtu aliyezoea kuvuta nyavu usiku kucha. Hata hivyo ni habari njema pia, kwa maana nyonga yake inafanya kazi, goti linambeba, na anasimama bila kushikwa. Kinachomkosesha msikiti kwa sehemu kubwa ni kifundo cha mguu na hofu ya kuanguka.

Hapa ndipo roboti za aina nyingine zinapohusika, na nitazieleza kwa kuwa zinatufundisha jambo. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, timu ya mhandisi Conor Walsh iliachana na vyuma ikatengeneza vazi laini la kitambaa kwa ajili ya watu wa kiharusi. Mgonjwa hufungwa kitambaa kwenye shavu la mguu, kebo nyembamba hushuka mbele na nyuma hadi kwenye kiatu, na mota huzivuta kwa zamu: ya nyuma humsaidia kusukuma ardhi wakati kisigino kinapoinuka, ya mbele huinua vidole wakati mguu uko hewani. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, wagonjwa wachache waliolivaa vazi hilo walitembea kwa ulinganifu zaidi kati ya miguu miwili, na nguvu walizotumia zilipungua kwa takriban asilimia 10. Toleo lake liitwalo ReStore liliruhusiwa Marekani mwaka 2019, lakini kwa matumizi ya kliniki za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, mtaalamu akiwa kando. Viunzi vya chuma vya Ekso, kampuni ya Marekani, vilivyoruhusiwa mwaka 2016 kwa wagonjwa wa kiharusi, navyo ni vya kliniki. Huko Japani, Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba alibuni kiunzi kiitwacho HAL, ambacho huhisi juu ya ngozi zile ishara dhaifu za umeme zinazotumwa na ubongo kwenda kwenye misuli, kisha hutia nguvu pale misuli inapojaribu na kushindwa.

Tazama jinsi mashine hizo zinavyotumika. Mgonjwa huvishwa, hufanyishwa hatua nyingi sana akiwa na mtaalamu, kisha huvuliwa na kwenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Mashine ni msaidizi wa mazoezi. Ubongo uliopoteza sehemu yake hujifunza njia mpya kwa kurudiarudia tendo lenyewe, maelfu ya mara, na roboti humsaidia mtaalamu asichoke na humsaidia mgonjwa kupiga hatua nyingi zilizo sahihi. Asilimia 10 si jambo dogo kwa mgonjwa, lakini pia si ule muujiza ambao wakala anauza. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Steven Collins, Bruce Wiggin na Gregory Sawicki, walionyesha hata kifaa cha kifundo cha mguu kisicho na mota wala betri, chenye springi na klachi ndogo tu, ambacho kiliwapunguzia watu wenye afya nguvu za kutembea kwa takriban asilimia 7. Ninapenda sana utafiti huo, kwa kuwa unathibitisha kwamba msaada wa kutembea hauhitaji kuwa na umeme ili uwe na akili ndani yake.

Na hilo linanirudisha nyuma ya mlango wa chumba cha baba yako. Lile bamba la plastiki mlilolitundika msumarini linafanya sehemu ya kazi ile ile ya kebo ya mbele ya vazi la Harvard. Linaushika wayo usining'inie, ili mguu upite hewani bila kuburuta na kisigino kitangulie kugusa ardhi. Haliwezi kumsukuma mbele kama mota, ni kweli, lakini kwa mguu ulionieleza, kuinuliwa vidole ndilo hitaji la kwanza. Umeliandika mwishoni mwa barua kama jambo la kusahaulika, nami nimeliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Ninyi mnataka kuuza kiwanja mtafute kwa mbali kitu ambacho nusu yake mnayo ndani ya nyumba.

Kuchubua kisigino si sababu ya kuliacha. Plastiki ya mabamba hayo hulainika kwa joto, na fundi wa viungo bandia huipasha moto mahali panapouma, akaitanua kidogo au akaongeza sifongo, na kazi hiyo haichukui muda mrefu. Msijaribu wenyewe kwa moto wa mkaa, kwa sababu bamba likipinda vibaya litamsukuma goti nyuma na kumletea maumivu mapya. Tena mguu baada ya kiharusi hubadilika: unaweza kuvimba, unaweza kukonda, na misuli ya nyuma inaweza kukaza kama ilivyokaza ile ya mkono, kwa hiyo bamba lililomfaa wakati ule huenda linahitaji kurekebishwa au kutengenezwa upya. Anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, mkaombe kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, mkiwa mmebeba bamba lenyewe, viatu na dawa anazotumia. Kama marekebisho hayatawezekana hapo, ombeni barua ya rufaa. Nchi yetu haina uhaba wa elimu katika jambo hili, kwani chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1981 na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na jijini Dar es Salaam kazi hiyo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali ya CCBRT. Nauli ya treni ya watu wawili na gharama ya bamba jipya ni fedha ambazo mnaweza kuzichanga bila kugusa ardhi ya mzee.

Kuhusu kandambili, itabidi mzee aagane nayo kwa muda wa kutembea. Bamba linahitaji kiatu cha kufunika kisigino, chenye kamba au mkanda wa kunata, chepesi, na cha kushoto kiwe kikubwa kwa saizi moja au zaidi ili bamba liingie. Katika mitumba mtapata. Nunueni jozi mbili zinazofanana za saizi tofauti. Kama tatizo ni kuvua viatu mlangoni mwa msikiti, awepo mjukuu wa kumsaidia akiwa ameketi kwenye kiti, na imamu aelezwe mapema ili mzee aandaliwe kiti cha kusalia karibu na mlango. Nina hakika kuna wazee wengine hapo wanaosali wakiwa wameketi.

Ipimeni pia fimbo. Mzee akisimama wima mikono ikiwa imelegea, kichwa cha fimbo kifike kwenye kiungo cha kiganja na mkono, na chini iwe na mpira, kwa sababu ncha ya mti mtupu huteleza kwenye sakafu ya saruji iliyolowa. Anayemsindikiza akae upande wa kushoto, nyuma kidogo, akishika mshipi au kanga iliyofungwa imara kiunoni mwa mzee. Asimvute kamwe kwa ule mkono uliolegea, maana bega la mtu wa kiharusi hutoka kwenye nafasi yake kwa urahisi na maumivu yake hukaa muda mrefu.

Njia ya msikiti isitazamwe kama nusu kilomita. Ujiji ni mji wa miembe, na mwembe una kivuli na shina la kuegemea. Nenda peke yako kwanza, uhesabu miembe au vibaraza vilivyo njiani, uone ni wapi mzee anaweza kuketi. Kisha muanze na mwembe wa kwanza, asubuhi kabla jua halijawa kali au jioni baada ya alasiri, aketi, arudi. Atakapokuwa anafika na kurudi bila kuhema, mwende wa pili. Nyumbani pimeni mita 10 kwa kamba, mweke alama mbili, na mara moja kwa wiki mzee atembee kwa mwendo wake wa kawaida akianzia hatua chache kabla ya alama ya kwanza, nawe ukihesabu kwa saa ya simu. Wataalamu hukadiria kwamba anayetumia zaidi ya sekunde 25 kwa mita hizo mwendo wake ni wa ndani ya nyumba, anayekaribia sekunde 12 au 13 anaweza kutembea mtaani kwa uhuru, na aliye katikati anatembea nje kwa mipaka. Andikeni namba hizo kwenye daftari na mlichukue daftari hilo kliniki. Msikate tamaa kwa kuwa umepita mwaka na zaidi; miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafuu ya haraka, lakini mguu unaofanyishwa kazi huendelea kujifunza hata baadaye.

Nisiache kusema kwamba vidonge vya shinikizo la damu ni muhimu kuliko kifaa chochote nilichokitaja. Kiharusi cha pili kinaweza kuondoa yote aliyoyapata tena, na wazee wengi huacha dawa wanapojisikia nafuu. Angalieni kesho kama anavimeza kila siku, na apimwe.

Kuhusu dada yako, mwambieni kwamba hata mimi ninaamini Mungu ndiye mponyaji, na kwamba bamba, fimbo na mazoezi ni miongoni mwa sababu alizotuwekea. Mzee akiachwa alale, goti na nyonga vitakaza na ngozi itachubuka, na kulala huko hakutakuwa mapumziko.

Mdogo wako anahitaji maneno mengine. Amekuumiza mbele ya wakubwa, nami sitalifanya jambo hilo kuwa dogo. Lakini mtu anayekaa mbali na mzazi mgonjwa huona aibu ya kutokuwepo, na video ile ilimpa kwa mara ya kwanza kitu ambacho angeweza kukifanya akiwa Dar es Salaam. Usimwambie tu kwamba ametapeliwa. Mpe kazi ambayo kweli ni yake: yeye yuko karibu na mafundi waliolitengeneza bamba, kwa hiyo akawaulize kama wanaweza kulirekebisha, ni kiasi gani, na siku zipi wanapokea wagonjwa, kisha atume nauli. Na maneno haya myafanye mbele ya baba mdogo na shangazi wale wale, ili lawama aliyokupa iondoke pale pale ilipotolewa.

Kuna mtu mmoja ambaye katika barua yako nzima hakuulizwa chochote. Kiwanja ni chake, mguu ni wake, naye hutazama pembeni mnapoamua juu ya vyote viwili. Kauli yake pekee uliyoninukulia ni ile ya gunia la dagaa, nami naielewa kuwa anataka kufika msikitini kwa miguu yake, mbele ya watu waliomjua akiwa nahodha wa mtumbwi, au asifike kabisa. Keti naye, wawili tu, bila simu na bila video. Muulize bamba lilimuuma wapi hasa. Muulize ni mahali gani angependa kufika kwanza, na kama ni msikitini, muulize kama angependa kuanza kwenda wakati ambao njia haina watu wengi. Akisema hataki, mpe siku chache umuulize tena.

Akikubali, litoe bamba msumarini, mlioshe kwa maji na sabuni, mlikaushe kivulini. Mzee avae soksi nene ya pamba isiyo na mikunjo, kisha bamba, kisha kiatu, akiwa ameketi, kisigino kikiwa kimekaa nyuma kabisa. Atembee uani kwa nusu saa tu. Mkimvua, tazama ngozi ya kisigino na ya kifundo kwenye mwanga wa mchana, uipapase kuona kama kuna mahali penye joto au panapouma, na kama pamevimba au pamebadilika rangi na hapajarudi katika hali yake baada ya dakika 20, chukua kalamu ya wino mzito uweke alama kwenye bamba mahali hapo hapo panapogusa, na asilivae tena mpaka fundi alione. Alama hiyo ndiyo atakayoitafuta fundi kabla ya kulipasha moto.